Bangi ya Wifi

Niseme mapema, asije mtu akaniita mnafiki: wifi yangu Efrazia sikumpenda. Kaka yangu Semboja alipotuletea habari kwamba anamwoa binti wa Bernardo, manamba aliyetoka Msumbiji kuja kukata mkonge akasahau kurudi kwao, mimi ndiye niliyenuna kuliko hata mama. Handeni nzima imejaa wasichana wa Kizigua, wazuri, wenye adabu zao, yeye akaenda kujiokotea mke kwenye nyumba za kambi! Na Efrazia naye hakuja kinyonge. Siku ya kwanza kufika kwetu aliitazama kamba niliyofungia mbuzi, akaifungua, akaisokota upya mbele ya macho yangu, kisha akanirudishia. Nilitamani kumfunga nayo.

Kamba ndiyo ilikuwa kazi yake, na kamba zake zilitoka kwenye kenafu. Siku hizi ukitaja kenafu vijana wanakukodolea macho, kwa hiyo nieleze. Zamani serikali ilipokuwa na viwanda vya magunia, watu wa Handeni waligawiwa mbegu za kenafu walime. Ni mmea mwembamba, unampita mtu kimo, shina lina vimiba vidogo vya kukera. Ukishakata unauloweka bwawani wiki mbili mpaka unuke, halafu unavua nyuzi, unaanika. Ikaja enzi ya ruksa, kila mtu alete anachotaka kutoka anakotaka. Zikaingia salfeti za plastiki, viwanda vya magunia vikafa, na watu wote wakaitupa kenafu wakarudi kwenye mahindi. Wote, isipokuwa huyu wifi yangu mbishi. Yeye na Semboja walilima ekari nne kila masika, akasokota kamba, akauzia Wamasai mnadani. Kulikuwa na mfugaji mmoja, Kisemei, aliyekuwa hafungi ndama kwa kitu kingine. Alisema nailoni inamkata ndama shingo, ya Efrazia haimkati.

Sasa, jani la kenafu. Kabla mmea haujatoa ua, jani lake lina vidole vitano, sita, saba, vyembamba, vina meno pembeni. Ukilitazama haraka haraka unaapa kwamba ni bangi. Sisi wa Handeni tumekua nalo, tunalijua, wengine tumelila kama mboga. Lakini linafanana, hilo halina ubishi.

Na mawifi, kama mnavyojua, hutaniana. Mimi nilikuwa nimeolewa Korogwe, Manundu, na pale sokoni nilikuwa na genge la viazi na kabichi za kutoka Bungu. Efrazia akija mjini na mzigo wake wa kamba, nilikuwa nampokea kwa kelele ili soko zima lisikie: "Jamani mpisheni tajiri wa bangi! Wifi, bangi yako inastawi?"

Naye, bila hata kutabasamu, alikuwa ananijibu: "Inastawi, wifi. Njoo unisaidie kupalilia."

Watu walikuwa wanacheka. Kupalilia sikwenda hata siku moja. Nipalilie shamba la binti wa manamba? Thubutu!

Hayo yaliendelea miaka. Mwaka wa tisini na sita mambo yakabadilika. Vita vya nchi jirani vilikuwa vimemwaga bunduki kila mahali, na nyingine zikafika mpaka kwetu. Watu wenye silaha wakawa wanavamia malori na mabasi kule porini kuelekea Segera, wanapora, wanasafirisha magunia ya bangi yao, na safari moja wakampiga risasi utingo akafa pale pale barabarani. Sisemi kwamba hatari haikuwepo. Ilikuwepo, na tuliiogopa. Wala hatukukataa kusaidiwa.

Msaada ukaja. Ukaja na jina: Ngao ya Demokrasia. Ulikuwa mradi wa wafadhili kutoka Ulaya, una magari, una redio za upepo, una kikosi chake cha vijana walioletwa kutoka mbali, hawajui hata bamia ya Handeni ikoje. Mkuu wake alikuwa mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, tukamwita Bwana Ngao. Alifanya mkutano pale Manundu, na mimi nilikuwepo, nimefunga genge kwa ajili yake. Akasema, mkalimani akatafsiri, kwamba demokrasia yetu ni changa, ndiyo kwanza tumetoka kupiga kura ya vyama vingi, na kwamba amefanya kazi miaka mingi Amerika ya Kusini, ambako waasi wanakaa msituni wanakula kwa kulima dawa za kulevya. Ukiangamiza shamba, akasema, umemnyang'anya mwasi bunduki.

Mzee mmoja akanyanyua mkono, akauliza: "Waasi gani, mheshimiwa? Hapa tuna wezi wenye bunduki. Hawalimi, wanapora."

Mkalimani sijui alitafsiri nini, maana Bwana Ngao alitikisa kichwa kwa furaha akamshukuru. Pesa zake zilikuwa zimetolewa za kupambana na waasi, kwa hiyo waasi walikuwa lazima wapatikane. Kisha wakatangaza kwamba atakayetoa taarifa za shamba la bangi atapewa mabati ishirini.

Mabati ishirini! Wengine pale walikuwa wanaishi chini ya makuti yaliyooza.

Katikati ya mwezi wa tano, mwaka wa tisini na saba, kikosi kikaingia shambani kwa kaka yangu. Magari matatu, asubuhi. Kenafu ilikuwa imefika mabegani, majani mabichi, ua hata moja hakuna. Kisemei alikuwa pale amefuata kamba zake, na yeye ndiye aliyenisimulia. Alimwambia sajenti wa polisi aliyekuwa akiongoza kikosi, "Hii si bangi. Hii ni kamba." Sajenti akaitazama sime iliyokuwa kiunoni kwake, akamwambia, "Kaa chini, mwasi we." Mmasai bila sime ni nani? Wakamlaza rumande siku nne, mzee mwenye wajukuu. Semboja wakamfunga pingu. Wakafyeka ekari zote nne, wakamwaga petroli, wakachoma, na Bwana Ngao akapigwa picha amesimama mbele ya moshi.

Habari ziliponifikia sokoni, nilikaa juu ya gunia la viazi. Nilijua hapo hapo. Hakuna mtu aliyetoka mjini akaenda kuchungulia shamba la porini kule. Mtu alisikia mdomo wangu. Alisikia nikipiga kelele "tajiri wa bangi", akaenda kuchukua mabati. Nilipogeuka kulia na kushoto, kila aliyekuwa sokoni nilimwona ana sura ya mabati.

Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi?

Semboja akaletwa mjini Korogwe, kwenye makao ya kikosi, akawekwa mahabusu. Dhamana tukaambiwa haipo kwa kesi ya namna hiyo. Watu wakasema ni miaka thelathini, na kaka yangu alikuwa na arobaini na sita, fanya mwenyewe hesabu. Kila baada ya wiki mbili analetwa mahakamani, mwendesha mashtaka anasimama anasema upelelezi haujakamilika, anarudishwa. Mara ya pili nilipomwona alikuwa anakohoa. Mara ya tatu shati lilimpwaya utadhani ameazima.

Efrazia akahamia kwangu Manundu. Alifika na kitenge kimoja, sufuria na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi, cheusi kwa moshi. Wale vijana walipekua nyumba nzima, wakapasua mpaka godoro, lakini kibuyu kilichoning'inia juu ya mafiga hawakukigusa. Ndani yake zilikuwa mbegu za kenafu.

"Wifi," akaniambia, "nipe madebe yako ya mafuta yaliyotoboka."

"Ya nini?"

"Nataka kupanda."

Nikaruka. "Upande wapi? Hapa kwangu? Una wazimu, Efrazia? Kaka yangu yuko ndani kwa majani hayo, na mimi unataka niende?"

Akanitazama. Ana macho makavu yule mwanamke, hujui kama amekasirika au anafikiria chumvi. "Wamechoma kila kitu," akasema. "Hawakubakiza hata jani la kupima. Kilichobaki ni neno la mzungu na picha ya moshi. Kenafu ikitoa ua, mtoto mdogo atajua si bangi. Ua lake linatosha kiganja, rangi ya maziwa yaliyochacha, katikati jekundu la damu ya mzee. Bangi ina ua hilo?"

Haina. Nikampa madebe. Angeomba na kitanda changu ningempa, kwa jinsi roho ilivyokuwa inaniuma.

Tukapanda madebe sita nyuma ya bafu, tukazungushia kanga kuukuu. Sitaki kukumbuka miezi ile. Kila gari likipita nasema wamekuja. Jirani akiuliza mbona mnaanika kanga hizo hizo kila siku, namfokea. Majani yakatoka, vidole vitano, sita, saba, na mimi niliyekuwa napiga kelele sokoni nikawa naongea kwa kunong'ona ndani ya ua wangu. Efrazia alinyweshea asubuhi na jioni. Hakulia hata mara moja, na hilo nalo lilinikera. Nilitaka alie ili nami nipate nafasi ya kulia.

Mwisho wa mwezi wa saba vitumba vikaonekana. Efrazia akaenda kwa karani wa mahakama, mimi nikamfuata. Akamwamkia vizuri, akauliza kama anaweza kuleta mmea hakimu auone.

Karani hakunyanyua hata macho. "Mama, hapa si gengeni. Mke wa mtuhumiwa haleti majani mahakamani. Kielelezo kinaletwa na polisi."

"Na polisi wakikileta, hakimu atakitazama?"

"Polisi wakikileta ni lazima akitazame."

"Asante, baba," Efrazia akasema, na tukatoka. Njiani nilitukana karani, mahakama na ukoo wao wote. Tulipokaribia nyumbani yeye akaniambia, "Wifi, mzee Mhina bado yuko hai?"

Mhina alikuwa bwana shamba wa kenafu enzi zile za viwanda. Alistaafu akapanda zake Bungu kulima chai na migomba. Nikamwambia yuko hai. Akasema, "Nenda ukamlete. Awe mahakamani Jumanne ijayo, tangu asubuhi. Usimwambie mtu mwingine."

Nilipanda Bungu, nikamkuta mzee ana miwani iliyofungwa kwa uzi. "Shikamoo mzee Mhina," nikamwambia, na kabla hajamaliza marahaba nilikuwa nimeshamwaga yote. Alikunja uso. "Wamechoma kenafu?" akauliza. "Ile niliyowapa mimi?" Akaingia ndani kutafuta viatu.

Jumanne ile ilikuwa siku ya kesi, na pia ilikuwa siku ya sherehe. Ngao ya Demokrasia walikuwa wanakabidhi magari mawili mapya na redio uwanjani, ng'ambo ya barabara kutoka mahakamani. Kulikuwa na turubai, vipaza sauti, kwaya, wakubwa wamekaa meza kuu na soda zao. Hakimu mwenyewe alialikwa, kwa hiyo kesi zote zikasukumwa mpaka atakapomaliza soda.

Na ua la kenafu halisubiri soda ya mtu. Linafunguka alfajiri, na ikifika adhuhuri limeshajikunja, limekwisha, kesho linafunguka lingine juu yake. Alfajiri hiyo mmea mmoja tu kati ya sita ulikuwa umefungua ua. Moja.

Saa nne asubuhi Efrazia akaukata shina, akaushika kwa mikono miwili, akatoka nao hadharani. Barabara kuu ya Manundu! Nikamkimbilia nyuma kanga ikinidondoka. "Wifi, ufiche! Watakukamata!"

"Rosina," akasema bila kusimama, "ndiyo maana nimeubeba."

Hapo ndipo akili ikanifunguka. Nikasimama, mkono mdomoni.

Alivuka barabara, akapita kati ya kwaya, akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya meza kuu, akamnyooshea Bwana Ngao ule mmea. "Unakijua hiki?" akamwuliza kwa Kiswahili. Bwana Ngao akautazama, akamnong'oneza mkalimani. Sajenti wa kikosi, yule yule wa shambani, akaruka kama amekanyaga moto, akamdaka mkono. "Bangi! Mke wa yule yule! Analeta mbele ya wageni!" Watu wakapiga kelele. Wakubwa wakaona aibu mbele ya wafadhili, na mkubwa mmoja akasema kwa hasira, kipaza sauti kikamnasa: "Apelekwe mahakamani sasa hivi, aunganishwe na mumewe. Leo leo!"

Mwendesha mashtaka alifurahi jamani, mngemwona! Miezi mitatu hana hata jani la kuonyesha, leo ameletewa mkononi. Akafunga karatasi kwenye shina, akaandika namba. Kielelezo.

Lakini hakimu alikuwa bado uwanjani. Saa tano ikafika. Efrazia ameketi sakafuni na pingu, anautazama mmea juu ya meza ya karani. Semboja akaletwa kizimbani, akamwona mkewe na pingu. Mimi nilikuwa nimebanana na mzee Mhina kwenye benchi, namwomba Mungu kwa majina yote ninayoyajua. Saa tano na nusu, ncha za ua zikaanza kujikunja. Nilitaka kwenda kumbeba hakimu mgongoni.

Akaja saa sita kasoro, anafuta mdomo kwa leso. Mwendesha mashtaka akasema upelelezi umekamilika. Sajenti akaapa, akasema amemkamata mshtakiwa wa pili na mmea huu mbele ya umati.

Hakimu akamwuliza: "Na ule uliouchoma shambani, ni mmea huu huu?"

"Huu huu, mheshimiwa."

"Una uhakika?"

"Nina miaka minane kazini, mheshimiwa. Ni uleule kabisa, hakuna tofauti."

Hakimu akaunyanyua. Ua lilikuwa limebaki nusu wazi, linaning'inia, lakini lile jekundu la katikati lilionekana mpaka nyuma tulikokaa. Akaligeuza. Akalinusa. "Sajenti," akasema, "nimehukumu kesi za bangi zaidi ya mia. Tangu lini bangi ikatoa ua la ukubwa wa kikombe?"

Mzee Mhina hakusubiri kuitwa. Alisimama na miwani yake ya uzi, akasema kwa sauti ya watu wa mikutano ya zamani: "Mheshimiwa, hiyo ni kenafu. Mbegu yake niligawa mimi kwa mkono huu, kwa amri ya serikali. Kama ni kosa, mshtakiwa wa kwanza ni mimi." Akaapishwa, akaulizwa, akajibu yote.

Kesi ikafutwa mchana ule. Semboja alishuka kizimbani kwa kushikwa mkono.

Mnadhani mtu alikuja kusema samahani? Hakuna. Ekari nne zilibaki jivu. Magari mapya yalikabidhiwa, kwaya ikaimba. Baadaye kijana wa ofisi ya mradi alimwambia mume wangu kwamba kwenye taarifa yao zile ekari nne bado zimeandikwa bangi, kwa sababu taarifa ilishatumwa Ulaya na haiwezi kurudishwa. Na wiki hiyo hiyo basi lilivamiwa tena njia ya Segera. Wenye bunduki hawakuwa na shamba la kuchomwa, basi hakuna aliyewafuata. Kama hiyo ndiyo ngao, mimi heri nisimame kifua wazi.

Kaka yangu kikohozi hakikumtoka tena. Aliishi miaka mitatu, na miaka hiyo mitatu alishinda amekaa kwenye kigoda akisokota kamba polepole, akipumzika kila msokoto.

Masika iliyofuata baada ya kesi nilikwenda Handeni kuwatazama. Efrazia alikuwa amepanda robo ekari kwa mbegu zilizobaki kibuyuni na alizovuna kwenye yale madebe. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kumwambia. Nilikuta yuko shambani ameinama. Nikaanza, "Wifi, kuna jambo la sokoni nataka kukueleza, lile la..."

Hakuinuka. "Walimsomea Semboja siku ya kwanza kituoni, na mimi nikiwa pale pale," akasema. "Taarifa imeandikwa kwamba shamba lilitangazwa sokoni Manundu na dada wa mtuhumiwa."

Siku ya kwanza! Miezi mitatu alilala chini ya paa langu, akala chakula changu, akapanda kwenye madebe yangu, akanituma Bungu, na alikuwa anajua. Machozi yakanitoka pale pale, ya kelele, mimi mtu mzima. Nikamwambia anitukane, anipige, afanye lolote.

Efrazia akajinyoosha, akashika kiuno, akanitazama na yale macho yake makavu. Kisha akanining'inizia jembe la pili mbele ya uso.

"Bangi yangu inastawi, wifi," akasema. "Njoo unisaidie kupalilia."

Nikavua viatu, nikapokea jembe, nikaingia kwenye mstari wake.